Breka ya mota ya umeme ya boti inakata kila nikiweka namba 5, ninunue ya ampia ngapi?

mzeewasangara

Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wanaojua umeme wa boti maana hapa mtaani kila fundi ana lake. Nina boti ya faiba futi 14, niko Luchelele hapa Mwanza, injini kubwa ni Yamaha 15 ila mwaka juzi braza aliniletea mota ndogo ya umeme, Minn Kota Endura ya pauni 55 volti 12, natumia kutembea polepole pembeni ya mawe nikikokota ndoano ya sangara au nikiwa na wageni wa kupiga picha ndege. Kwa kazi hiyo ni tamu kwelikweli, haina kelele, furukombe anakuangalia tu hata haruki.

Shida ni breka. Nilifunga ya ampia 50, zile nyeusi zenye kitufe za muziki wa magari, nilinunua elfu 18 kwenye duka la spea. Namba 1 mpaka 3 haina neno, naweza kushinda nayo asubuhi nzima. Nikiweka namba 5, yaani spidi ya mwisho, dakika tano sita hivi, tak, imekata. Nasubiri kidogo nairudisha, inakaa dakika mbili inakata tena. Juzi imenikatia nina wageni wawili, upepo wa mchana umeshaamka, tunasukumwa taratibu kwenye mawe, Yamaha nayo nimevuta kamba mara nne ndo ikashika, mgeni mmoja ameshakumbatia begi la kamera kama mtoto mchanga. Nilicheka cheka pale lakini moyoni hapana.

Sasa nataka kujua, nikiweka ya 100 si yataisha? Fundi mmoja ananiambia niachane na hizo nifunge breka ya nyumbani ya 63 ile ya kwenye DB (boksi la breka za nyumba), mwingine anasema mota imechoka inakula umeme mwingi. Betri ni ya sola 100Ah ya kawaida (risasi), nimeiweka mbele ili boti isikae mkia chini, mota iko nyuma, na breka nimeifunga nyuma karibu na ninapokaa ili ikikata niirudishe bila kunyanyuka.

kasia_halina_breka

Toa breka funga moja kwa moja, babu zetu walivua ziwa hili hili bila breka wala fyuzi

mzeewasangara

@kasia_halina_breka babu zako walikuwa hawana betri kaka 😂 na mimi nimebeba tangi la petroli lita 25 humo humo

fundisola_kirumba

Mkuu umetaja kila kitu mpaka ndege ila hujataja waya. Toka betri mpaka mota umetumia waya gani, milimita ngapi na urefu gani? Hapo ndo pa kuanzia, breka baadaye.

Halafu kuhusu breka ya nyumbani, mimi nimewahi kuwafungia watu breka za DB kwenye mifumo midogo ya sola volti 12 na zinafanya kazi, wanaosema italipuka wanatishia watu tu. Ila siku hizi zipo za DC zenyewe (za umeme wa betri) bei haina tofauti kubwa, sioni sababu ya kufunga ya AC (ya umeme wa TANESCO).

mzeewasangara

Waya ni ule wa nyumbani wa milimita 6, ule mgumu kidogo, ulibaki nilipokuwa najenga. Kutoka betri mpaka mota ni kama mita 5 kwenda, kwa hiyo kwenda na kurudi 10. Waya wa mota wenyewe ni mfupi ndo maana nikaunganishia huo.

fundisola_kirumba

Ahaa. Basi mgonjwa tumeshamuona.

bongo_minnesota

Salaam wakuu, niko huku Minnesota, huku kila mtu ana boti na kila boti ina mota ya hivi (jina lenyewe Minn Kota limetokana na Minnesota na Dakota, walianzia Fargo mwaka 1934), nami nimeharibu za kutosha hadi nikajifunza. Niandike kwa kirefu kidogo mnisamehe.

Mzee wa sangara, kitu cha kwanza ambacho watu wengi tunakikosea, breka hailindi mota. Breka inalinda WAYA. Kazi yake ni kwamba ikitokea shoti au propela imekwama, umeme ukatwe kabla waya haujawa jiko. Kwa hiyo ampia za breka zinatakiwa zikae katikati ya vitu viwili, ziwe juu kidogo ya ampia ambazo mota inakula ikiwa imefunguliwa mwisho, na ziwe chini ya ampia ambazo waya unaweza kubeba bila kupata homa. Endura 55 inakula mpaka 50 kwenye namba 5, na mtengenezaji mwenyewe anasema weka breka ya 60. Wewe umeweka 50 kwa mota ya 50, maana yake ukifungua mwisho breka imesimama kwa vidole, ikipata joto kidogo tu inaanguka.

Lakini hapo hapo ukitaka kuweka 60 (achilia mbali hiyo 100) waya wako wa milimita 6 haustahili. Ule ukiwa ndani ya ukuta mafundi wa nyumbani wanaupa ampia 30 hadi 40 na kitu hivi. Ukifunga breka ya 100 pale, siku propela ikinasa waya ndo utakuwa fyuzi, na fyuzi yenyewe inapita chini ya miguu yako kuelekea kwenye tangi la lita 25.

Kitu cha pili kimenishtua kuliko hata waya: breka umeifunga nyuma, betri iko mbele. Ina maana mita 5 zote za waya chanya toka betri hadi breka hazina ulinzi wowote. Waya ukichunika katikati ya boti ukagusana na ule hasi, breka yako haitajua chochote, iko ng'ambo. Kiwango cha ABYC (baraza la boti la Marekani) ambacho mafundi wa boti huku wanakifuata kinasema breka au fyuzi ikae ndani ya inchi 7 kutoka kwenye betri, yaani kama shubiri hivi. Unaruhusiwa kwenda mpaka inchi 72 kama waya umetoka kwenye kichwa cha betri moja kwa moja na wote uko ndani ya bomba au ala. Zaidi ya hapo hakuna. Raha ya kuirudisha bila kunyanyuka isahau, breka ikikata kihalali unatakiwa unyanyuke uende ukaangalie kuna nini.

Tatu ndo aina ya breka. Hizo nyeusi za muziki wa gari zina sura moja na zile za boti, kitufe kile kile, skrubu zile zile, watu wameiga boksi wakaacha roho. Nilipata mbili za aina hiyo nikazijaribu gereji, nilichukua inveta na pasi ya nguo ya wati 1000, hapo kwenye upande wa betri inavuta kama ampia 95. Zote zimeandikwa 60. Moja ilikata hata kabla sijaongeza mzigo kufika hapo, kwenye ampia 40. Ya pili haikukata kabisa, dakika ya nne plastiki ikaanza kunuka nikachomoa mwenyewe. Sasa unaona, ile ya kwanza inakukera ila ya pili ndo itakuchoma. Dalili nyingine, breka nzuri ikikata halafu ukashikilia kile kikono kwa nguvu kisirudi, bado ndani inabaki imekata. Ya bandia ukiishikilia inaendelea kupitisha umeme kama mtumwa.

Zinazoaminika huku ni Blue Sea na Bussmann, zile za mfululizo wa 285 na 187, za kurudisha kwa mkono. USINUNUE ya kujirudisha yenyewe, propela imenasa unaweka mkono kutoa nyavu, breka inapoa inajirudisha, mota inazunguka, vidole kwaheri.

kasia_halina_breka

Hiyo ya vidole imenifikia. Narudi kwenye kasia.

dereva_wa_ziwa

Mimi naona mnamzungusha mwenzenu, sababu ni moja tu na ni rahisi: waya mwembamba volti zinashuka, volti zikishuka mota inavuta ampia nyingi kufidia, breka inakata. Abadilishe waya ampia zitashuka breka hiyo hiyo ya 50 itatosha. Hata friji nyumbani umeme ukiwa mdogo inakula zaidi inaungua.

fundisola_kirumba

Mkuu hapo hapana. Friji na inveta ni habari nyingine, inveta inataka wati zake zilezile kwa hiyo volti zikipungua lazima ivute ampia zaidi. Mota hii ina brashi na sumaku, inasukuma propela majini. Ukiipa volti chache inazunguka polepole, propela ikizunguka polepole maji hayana ubishi mwingi, ampia ZINAPUNGUA. Kinachopandisha ampia kwenye mota hii ni propela kukabwa. Magugu maji, nyavu, mfuko wa nailoni, au mshipi uliojisokota nyuma ya propela.

Kwa hiyo mimi nakuambia mzee wa sangara, nina wasiwasi ampia zako ziko hata chini ya 50. Kinachokata hiyo breka ni JOTO. Hizi breka ndani zina kipande cha metali mbili kikipata joto kinajikunja kinaachia. Hakijui joto limetoka wapi. Jua la Mwanza likipiga boksi jeusi ni joto, waya mwembamba unaochemka ukifungwa kwenye skrubu yake unapeleka joto ndani, na lagi (kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) iliyolegea ndo shetani kabisa. Piga hesabu, kiungo kibovu chenye upinzani wa omu 0.01 tu, ukipitisha ampia 50, ni 50 mara 50 mara 0.01, wati 25. Hiyo ni pasi ya kulehemu ya fundi redio umeiegesha kwenye breka.

Pima hivi. Weka boti majini uifunge kamba gatini, mota namba 5, iache dakika tatu. Mita iweke kwenye volti DC. Kwanza pima vichwa vya betri. Halafu pima pale mota inapoungana na waya wako. Halafu weka ncha moja ya mita skrubu hii ya breka na ncha nyingine skrubu ya pili, hapo ukisoma zaidi ya robo volti breka au viungo vyake ni vibovu. Ampia njoo nikuazime klempu mita ya DC, maana zile za kawaida za mafundi zinasoma AC peke yake, utaona sifuri ukadhani mota haili kitu.

bongo_minnesota

Fundi umeninyoosha vizuri, nilitaka kuandika hivyo hivyo kuhusu dereva. Ila kwenye breka za nyumbani nakupinga kidogo. Uko sahihi kwamba volti 12 ni chache, cheche haina nguvu ya kujishikilia kama kwenye volti 400 za paneli zilizopangwa mstari. Umeme wa TANESCO unapita sifuri mara 100 kila sekunde na kila unapopita cheche inapata nafasi ya kufa, wa betri haupiti sifuri hata siku moja. Kwa volti 12 breka ya AC mara nyingi itakata, sawa. Lakini kwenye boti sababu zangu ni nyingine: haizuii maji, skrubu zake hazikutengenezwa kwa boti inayogonga mawimbi siku nzima, na kubwa kuliko yote, inapokata inatoa cheche kwenye hewa ya wazi. Huyu ana petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unalala chini ya boti pale pale penye waya. Breka ya boti yenye alama ya SAE J1171 imejaribiwa ndani ya gesi ya kulipuka, cheche yake haiwashi kitu nje. Hilo ndo unalolipia.

fundisola_kirumba

Hapo kwenye petroli nimekubali. Mifumo yangu iko juu ya mabati ya nyumba, sikuwaza tangi.

pwani_kilifi

Niaje wadau, mimi niko Kilifi, boti yangu iko hapa kwenye creek, nataka tu kuongezea kwa wale wa maji chumvi. Ninyi wa ziwa mko na bahati, maji yenu hayali shaba haraka. Huku mimi nilinunua waya mnene kabisa, wa welding, shaba safi, miezi nane baadaye nikakata mwisho nibadilishe lagi, nikaona ndani ni mweusi kama makaa, nikakata futi moja bado mweusi, futi ya pili bado. Chumvi imepanda ndani ya waya kama maji kwenye utambi. Ule waya wa boti wenye nyuzi zilizopakwa bati unagharimu pesa mingi lakini kwa bahari hakuna njia ya mkato.

Na mjihadhari na waya za muziki wa gari, zile nene za rangi rangi, nyingi ni aluminiamu imepakwa shaba juu. Kuna jamaa alininunulia hiyo, kwa macho inaonekana mnene, ukiipima inapitisha kama theluthi mbili tu ya shaba. Kwangua kwa kisu, ukiona nyeupe ndani rudisha dukani.

mota_pacha

Naomba kuchomekea swali hapo hapo, mimi nina ya volti 24 pauni 80, betri mbili. Nifunge breka mbili?

bongo_minnesota

Moja inatosha, kwenye chanya inayotoka kwenda mota. Hiyo ya 80 inakula mpaka 56 kwa hiyo 60 ni sawa. Angalia tu breka iwe imeandikwa volti za DC zinazozidi 24, betri mbili zikiwa kwenye chaja zinafika 29, nyingine za bei rahisi zimeandikwa 12 au 14 basi. Ule waya mfupi unaounganisha betri mbili uufunike vizuri, na usichanganye betri mpya na kuukuu.

mzeewasangara

Wakuu nimerudi na majibu ya mtihani. Nimeazima mita kwa fundisola (asante sana kaka, nimeirudisha na sato wawili) nikafanya kama alivyosema, boti imefungwa, namba 5, dakika tatu.

Betri kwenye vichwa vyake 12.1. Kwenye mota 10.3. Yaani volti 1.8 zimepotelea njiani! Kwenye breka skrubu kwa skrubu 0.45. Ampia zimesoma 41. AROBAINI NA MOJA, na breka ya 50 ikakata nikiwa bado nimeshika kalamu. Nilipoigusa ile skrubu nililamba kidole. Ile lagi nilikuwa nimeibana kwa koleo na nyundo, nikiivuta inacheza.

Halafu nikafungua propela kama mlivyosema. Nikatoa nati na kile kipini, nyuma yake kulikuwa na mshipi umejisokota mweupe kama uzi wa cherehani, wa kutosha kuvulia tena. Sijui umekaa tangu lini.

Kwa hiyo mota ni nzima, wa kuchoka nilikuwa mimi. Nifanye nini sasa wakati nasubiri braza atume breka? Nina wageni Jumamosi.

fundisola_kirumba

0.45 mara 41 ni wati 18 na nusu pale kwenye breka peke yake. Na ule waya wako wa mita 10 unachoma wati zaidi ya 50. Ulikuwa unawapikia wageni.

Waya: nenda kwa wauza vifaa vya kuchomelea, chukua waya wa welding milimita 25, wanauza kwa mita, ni laini unakunjika vizuri. Milimita 16 ingekubali ila kwa mita 10 itakupotezea karibu volti 0.6, na 25 inapoteza kama 0.35, tofauti ya bei siyo ya kukuua. Lagi za shaba za 25, uje karakana tuzibane kwa mashine, usiguse nyundo. Juu unavalisha ule mpira wa kusinyaa kwa moto, wenye gundi ndani.

bongo_minnesota

Au hamisha betri nyuma na tangi la petroli mbele kidogo, waya unabaki mita moja na nusu matatizo yote yamekwisha. Ila boti yako unaijua wewe inavyokaa majini.

Kwa Jumamosi mimi ningeweka fyuzi siyo breka. Ukipata ile MRBF inayokaa juu ya kichwa cha betri chenyewe ndo bora, ni ndogo, haipitishi maji, na kwenye volti 14 inaweza kukata shoti ya ampia 10,000. Hii ni hesabu nyingine ambayo watu hawaiangalii. Ile 60 iliyoandikwa mbele ni siku ya kawaida, siku ya shoti betri inaweza kutema ampia elfu na zaidi kwa mpigo na fyuzi au breka dhaifu haikati, vidole vya ndani vinayeyuka vinashikana na umeme unaendelea kupita. Usipoipata chukua fyuzi aina ya ANL ya 60 na kishikio chake chenye kifuniko, kwenye maduka ya sola zipo. Beba mbili za akiba na spana saizi yake, kwa sababu fyuzi ikikata imekufa, hairudishwi.

Na mkija kuhamia betri za lithiamu mje hapa tena kwanza. Zile upinzani wake wa ndani ni mdogo sana, shoti yake ni kali kuliko risasi, breka ya elfu 18 pale ni karatasi. Watu wa huku kwenye betri kubwa za lithiamu wanaweka fyuzi ya Class T.

dereva_wa_ziwa

Ila mimi bado nasema waya ndo ulikuwa tatizo, si nilisema?

fundisola_kirumba

Ulisema mkuu. Ulisema na ampia zitashuka. Tusubiri tuone.

mzeewasangara

Mrejesho wakuu, maana nachukia watu wanaosaidiwa wakapotea.

Nimefunga waya wa 25, lagi zimebanwa kwa mashine, waya wote nimeupitisha ndani ya bomba la mpira ubavuni mbali na tangi. MRBF sikuipata, nimeweka ANL 60, iko shubiri moja toka kwenye betri, ndani ya boksi chini ya kiti cha mbele, jua haliioni. Jumamosi nimetoka na wageni watatu, namba 5 toka Luchelele moja kwa moja kupinga upepo, dakika ishirini na tano nahesabu. Haikukata. Nikaigusa, ina uvuguvugu kama kikombe cha chai iliyosahaulika.

Jana nimepima tena kwa ajili ya dereva. Betri 12.1, kwenye mota 11.6. Ampia 47. Zimepanda mkuu, hazijashuka, toka 41. Na boti inakimbia, kumbe miaka miwili nilikuwa naendesha namba 4 nikidhani ni 5. Ubaya wake betri nayo inaisha mapema, 100Ah ya risasi kwa ampia 47 saa moja siigusi nisije nikaiua, kwa hiyo namba 5 nimeiweka ya dharura tu.

Breka ya 60 braza ameshainunua, inakuja na mtu mwezi ujao. Ile ya elfu 18 nimeifungua kwa bisibisi, ndani vidole vimekuwa vyeusi na kipande kimoja cha plastiki kimeshaanza kujikunja. Nikipata nafasi nitaweka picha.

dereva_wa_ziwa

Nimekubali ya ampia. Hiyo waya ya 25 umenunua mita kwa shilingi ngapi na duka gani hapo Mwanza? Yangu ni 6 pia 😅

mzeewasangara

Njoo PM. Na ukija kwa fundi beba sato, siku hizi ndo bei yake.